Kinyama kinasema TB, GeneXpert inasema hasi: tumuamini nani? (TB ya tezi, Unguja)

Ami_wa_Fuoni

Assalaam alaykum jamaa. Nataka watu wa maabara wanijibu, si watu wa dua peke yao (dua pia naipokea).

Mke wa mdogo wangu, miaka 26, ana uvimbe shingoni upande wa kulia tangu kabla ya Ramadhani. Mwanzo tukasema mitoki, bibi akampaka majani yake, wapi. Hakohoi. Picha ya kifua imetoka safi. Makohozi kaambiwa ateme, hana ya kutema. Usiku jasho linamtota na nguo zote zinampwaya.

Hospitali wakautia sindano uvimbe, wakavuta usaha kidogo. Hadubini: hasi. GeneXpert, ile mashine ya vinasaba: hasi. Wakakata kinyama, na baada ya wiki mbili karatasi ikarudi imeandikwa granuloma, yaani vifundo vya seli za kinga, na katikati tishu zilizokufa mfano wa jibini, "yaelekea TB". Dokta mmoja kasema aanze dawa. Mwengine kasema tusubiri, maana mashine imesema hamna kitu. Vipimo vitatu, kila kimoja na lake.

Ana mtoto wa miezi mitano ananyonya. Na mkwe wake keshamtengea kikombe na sahani.

Slaidi_Kavu

Wa alaykum salaam ami. Nipo maabara hapa Unguja mwaka wa 11 sasa.

Kikombe kwanza. TB haipiti kwa chombo cha kulia. Inapita kwa hewa, na hewa hiyo lazima itoke kwenye mapafu au koo lenye ugonjwa. Tezi ya shingo haipumui. Maadamu picha ni safi na hakohoi, anyonyeshe mwanawe na ale na watu. Mkiwa na wasiwasi wa mtoto muulizeni dokta wake, lakini sahani irudi kabatini.

Sasa vipimo. Havijagombana hivyo ami, kila kimoja kiliulizwa swali jengine.

Hadubini inatafuta kijidudu chenyewe kwa macho. Unapaka fuksini nyekundu, unapasha moto, unaosha kwa asidi, unamalizia kwa bluu. Kijidudu cha TB kina ngozi ya nta, asidi haimtoi rangi, basi anabaki mwekundu kwenye bluu. Njia hii ni ya zama za Robert Koch, aliyemtangaza mdudu huyu tarehe 24 Machi 1882, na mpaka leo ni ya bei nafuu kuliko zote. Tatizo ni hesabu. Ili umwone mmoja, lazima kwenye mililita moja wawepo kama 5,000 mpaka 10,000. Mapafu yaliyotoboka yana mamilioni. Tezi ina wachache, tena mwili umeshawazungushia ukuta. Hasi ya hadubini kwenye tezi ni sawa na mtu aliyetupa mshipi mara moja pale Forodhani akasema baharini hamna samaki.

GeneXpert hamtafuti mdudu, inatafuta vinasaba vyake na kuvizidisha mpaka vionekane. Majibu chini ya saa mbili, na papo hapo inakwambia kama rifampisini, dawa kuu ya TB, inamuweza au haimuwezi. Katriji (kikasha kinachobeba sampuli ndani ya mashine) ya zamani inahitaji vijidudu kama 131 kwa mililita, hii mpya ya Ultra kama 16. Ni hatua kubwa, sikatai. Lakini mashine inapima ulichoitilia. Kama sindano imevuta damu ya pembeni ya tezi, au tone lenyewe limegawanywa slaidi moja, GeneXpert, na jengine "tuhifadhi", basi kilichofika kwenye katriji ni salamu tu.

Kinyama ni habari nyengine. Mwanapatholojia haangalii adui, anaangalia uwanja wa vita. Granuloma yenye jibini katikati, kwa nchi kama yetu, ni dalili nzito sana. Lakini fangasi wanaweza kuiacha alama kama hiyo, na ndugu wengine wa kijidudu cha TB wanaokaa kwenye maji na udongo vilevile. Ndiyo maana kaandika "yaelekea". Hajakwepa, kasema kweli yake.

Nami nina swali moja: kinyama kilitiwa kwenye chupa gani? Chote kwenye fomalini?

Ami_wa_Fuoni

Chote. Tulikabidhiwa chupa, maji yake yananukia makali mpaka macho yanawasha, tukaambiwa tuipeleke wenyewe. Kuna chupa nyengine?

Slaidi_Kavu

Ipo. Nilijua utajibu hivyo, na leo nitatapika nyongo kidogo mnisamehe.

Fomalini inakaza tishu isioze ili ikatwe nyembamba na isomwe. Kwa patholojia ni lazima. Lakini inaua kila kitu, basi kumwotesha mdudu maabara hakuna tena, na vinasaba inavikatakata na kuvifunga, kwa hivyo GeneXpert haikutengenezwa kwa nyama iliyolala humo. Dawa ya jambo hili haina gharama: kinyama kikitoka tu, kikatwe vipande viwili. Kimoja fomalini. Kimoja kwenye chupa safi isiyo na vijidudu, na matone ya maji ya chumvi ya hospitali ili kisikauke. Mkato mmoja, chupa mbili.

Nimeshapokea, si mara moja, fomu inayosema "tafadhali oteshea TB", nafungua mfuko, fomalini. Napiga simu chumba cha upasuaji naambiwa "chupa ndiyo hiyo tuliyokuwa nayo". Mgonjwa keshashonwa, keshakwenda kwao. Huwezi kumwambia rudi tukukate tena kwa sababu tumekosea chupa. Siitaji hospitali, maana nimeona haya kwenye zaidi ya hospitali moja.

Watu wanakaa wanabishana mashine ipi bora. Mimi nakwambia mashindano mengi yameshaamuliwa mezani kwa daktari wa upasuaji kabla sampuli haijafika kwetu.

Binti_Wawi

Slaidi umesema. Mie nipo Pemba, kituo sikitaji. Nyinyi wa Mjini mna shida ya chupa, sisi tuna ya chupa na ya boti. Sampuli ya kuotesha inataka ubaridi, nyuzi 2 mpaka 8, na bahari ikichafuka boti haiji leo wala kesho. Ile ya fomalini haina haja ya barafu, basi kila mtu anaipenda, inasafiri yenyewe kama mzigo wa karafuu. Ukichunguza, hata tabia ya kutia kila kitu fomalini ina sababu yake, si uvivu mtupu.

Mnisaidie na la kwangu. Kijana wa Wete, miaka 19, kifua kimejaa maji upande mmoja. Tumemtoa karibu lita nzima, maji ya rangi ya chai nyepesi. GeneXpert hasi. Dokta wetu anasema "lita nzima imekosa, basi si TB". Mimi moyo haukubali.

Slaidi_Kavu

Moyo wako una akili, Binti. Maji ya kifua ndiyo sampuli inayoidhalilisha GeneXpert kuliko zote. Ukilinganisha na kuotesha, katriji ya zamani inakamata karibu nusu tu ya wenye TB ya utando wa mapafu. Nusu! Ultra imesogea, kama watatu kwa wanne.

Wingi wa maji usikudanganye. Yale maji hayakujazwa na vijidudu. Vijidudu vichache vimeingia kwenye utando, mwili ukakasirika, ukamwaga maji. Mdudu mwenyewe yumo kwenye utando, hayumo kwenye maji. Kwa hivyo lita nzima inaweza kuwa na wachache kuliko kijinyama cha utando cha ukubwa wa punje ya mchele.

Kwa maji hayo uliza vitu viwili vya zamani. Hesabu ya seli: limfosaiti (aina ya chembe nyeupe za damu) zikitawala, shaka inaelekea kwenye TB. Halafu ADA, kimeng'enya kinachotoka kwenye seli hizohizo. Ikifika yuniti 40 kwa lita na kuendelea, limfosaiti zimejaa, kijana wa miaka 19, nchi yetu hii, mimi ningesema TB mpaka nithibitishiwe vyengine. Ila ADA si hakimu: usaha wa kawaida kifuani unaipandisha, saratani ya limfu inaipandisha, baridi yabisi nayo. Kwa hivyo isomwe pamoja na seli, isisomwe peke yake.

Mchambawima99

Jamani mbona mnazunguka. Kuna kliniki moja inapima TB kwa tone la damu, kijiti kama cha ujauzito, dakika 15. Shemegi yangu kapima, kaonekana nayo, kaanza dawa. Mambo ya kukata watu shingo ya nini?

Slaidi_Kavu

Ndugu yangu, mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko la kuvikataza vijiti hivyo vya damu kwa TB. Vinatafuta kingamwili, na kingamwili hazimtenganishi mgonjwa na mtu aliyekutana na mdudu tu akamshinda. Wanaosemwa wanao hawana, walio nao wanaambiwa wazima. Muulize shemegi nani kamwandikia dawa na kwa ushahidi gani, kisha aende kliniki ya TB ya serikali. Dawa za kule ni bure hata hivyo.

Mchambawima99

Kalipa pesa nyingi kweli. Haya, nitamwambia.

Mwanafunzi_wa_Tunguu

Samahani wakubwa zangu naingia. Nasoma udaktari, na kuna kitu nashangaa hakijatajwa wakati kimefanyiwa kazi hapahapa Hospitali ya Mnazi Mmoja.

Watafiti wa Mnazi Mmoja na Chuo Kikuu cha Bergen cha Norway walijaribu njia ya kupaka rangi inayoitwa MPT64. Matokeo yalichapishwa 2018. MPT64 ni protini ambayo kijidudu cha TB anaitema akiwa hai. Wanatumia kingamwili iliyotengenezwa maabara, inaigandia ile protini, halafu rangi inajitokeza ndani ya seli pale ilipo. Unaisoma kwa hadubini ya kawaida. Na hapa Ami_wa_Fuoni atege sikio: inafanya kazi kwenye nyama iliyotoka fomalini na kwenye slaidi ya usaha wa sindano pia.

Walichukua wagonjwa zaidi ya 100 waliodhaniwa kuwa na TB ya nje ya mapafu, wakawapima kwa njia za kawaida na hii. Rangi ya MPT64 iliwakamata wengi kuliko hadubini, kuliko kuotesha, kuliko GeneXpert. Ilifanya vizuri zaidi kwenye tezi, na kwa watoto.

Haitafuti mwili mzima wa mdudu kama fuksini. Inatafuta alichokitema, nacho kimesambaa. Mvuvi haoni papa, anaona maji yamechafuka.

Hesabu_za_Marikiti

Habari nzuri mwanafunzi, lakini ngoja niulize la mtu wa takwimu. "Iliwakamata wengi": wengi kati ya nani? Nani aliyesema huyu ana TB na huyu hana?

Hapa ndipo pananikera kwenye makala zote za TB ya nje ya mapafu. Kwenye mapafu unalinganisha kila kipimo na kuotesha, umemaliza. Huku kuotesha kwenyewe kunakosa wengi, maana vijidudu ni wachache au wamekufa njiani. Ukikifanya ndicho mizani, kipimo kizuri kinachomkamata mgonjwa ambaye kuotesha kumemkosa kitaandikwa kimekosea. Ni kama kupima ngisi Darajani kwa mizani unayojua inaiba robo, halafu umlaumu ngisi.

Mwanafunzi_wa_Tunguu

Waliliona hilo. Hawakutumia kuotesha peke yake, walitumia mizani ya mchanganyiko: dalili, picha, patholojia, kuotesha, na je, mgonjwa alipona kwa dawa za TB au hakupona.

Hesabu_za_Marikiti

Sawa, ni bora, lakini mchanganyiko nao una ujanja wake. Kama granuloma imo ndani ya mizani, patholojia inajipima yenyewe. Na "kupona kwa dawa" nako kuna mashimo, kuna tezi zinazopoa zenyewe, na rifampisini inaua bakteria wengine wengi wasio wa TB. Sisemi kazi ni mbaya. Nasema mtu akikupa asilimia za kipimo cha TB ya tezi, kabla hujafurahi muulize mizani yake ilikuwa ipi.

Slaidi_Kavu

Hesabu kasema kweli na mwanafunzi kasema kweli. Naongeza mawili ya mtu wa benchi.

Wenzangu wa maabara wakisikia MPT64 wanafikiri kile kijiti tunachochovya kwenye mrija ulioota, kuthibitisha kuwa kilichoota ni TB na si binamu yake. Protini ni hiyohiyo, kazi ni mbali mbali. Kile kinasubiri mdudu aote kwanza. Hii ya Mnazi Mmoja inampata kwenye nyama moja kwa moja. Na uzuri wake ni uleule: binamu wengi wa kwenye maji na udongo hawaitemi.

La pili, mipaka yake. Rangi hii haikwambii kama dawa zitafanya kazi. Rifampisini ikigoma, slaidi haijui, utajua kwa GeneXpert au kuotesha. Na inataka jicho lililofundishwa, kwani rangi chafu na rangi ya kweli zinafanana kwa mtu mchanga. Kwa watoto pia kuna mtego: tezi ya kwapa inayovimba baada ya chanjo ya BCG. Mbegu nyengine za BCG zimepoteza MPT64, nyengine bado wanayo.

Binti_Wawi

Na kuotesha mbona mnampita kama maskini?

Slaidi_Kavu

Simpiti, namchelewesha kwa sababu na yeye anachelewa. Mdudu wa TB anagawanyika mara moja kwa kama siku nzima, wakati bakteria wa kuharisha anagawanyika kila dakika 20. Kwenye chakula kigumu cha mayai, kile cha kijani, tunasubiri mpaka wiki nane. Kwenye mrija wa maji mashine inasubiri siku 42 kabla ya kukata tamaa. Lakini akiota unaye mkononi, mzima, unaweza kumjaribu kwa kila dawa. Na anaridhika na kidogo, vijidudu 10 mpaka 100 kwa mililita.

Kosa ni kumsubiri. Mgonjwa wa TB ya utando wa ubongo ukimsubirisha wiki sita, majibu yatamkuta kaburini. Kwa maji ya uti wa mgongo mimi siombi radhi: nataka mililita 6 au zaidi, tuzungushe, tupime kilichokaa chini kwa Ultra, na dokta asingoje. Katriji ya zamani kule inawakosa kama watatu kwa kumi, Ultra kama mmoja kwa kumi. Hata huyo mmoja ni mtoto wa mtu.

Bi_Mkubwa_Kiembesamaki

Wanangu, mie nauliza maziwa. Zamani tukiambiwa tezi za shingo zinaletwa na maziwa mabichi. Kweli au hadithi?

Slaidi_Kavu

Shikamoo bibi. Ni kweli, ipo TB ya ng'ombe inayopita kwenye maziwa yasiyochemshwa, na inapenda tezi na tumbo. GeneXpert inaisoma kama TB tu, haiwatenganishi. Na huyo wa ng'ombe kwa asili yake haiogopi pirazinamidi, moja katika zile dawa nne za mwanzo. Chemsha maziwa bibi.

Ami_wa_Fuoni

Nimerudi. Nimesoma yote, mengine mara tatu. Nikachapisha, nikaenda nayo. Dokta mwanzo alinitazama jicho baya, baadaye akakaa akasoma. Tumekubaliana hivi: hakatwi tena. Patholojia wameniambia kile kinyama kipo, kimegandishwa kwenye nta, wanaweza kukata slaidi mpya na kuzipaka rangi nyengine wakitaka. Na leo katiwa sindano tena, sehemu mbili za uvimbe, mvuto wa kwanza slaidi, wa pili wote kwenye chupa safi kwa Ultra. Hakuna "tuhifadhi".

Slaidi_Kavu

Hapo sasa.

Ami_wa_Fuoni

Siku mbili baadaye. Imeandikwa TB imeonekana, kiasi "chembe", rifampisini haijulikani. Chembe maana yake nini? Yule dokta wa pili anasema ni kidogo mno, huenda ni kosa.

Slaidi_Kavu

Ultra inatafuta vinasaba viwili vinavyojirudia mara nyingi kwa mdudu mmoja, ndiyo maana inaona kidogo sana. Kile cha rifampisini kipo kimoja tu kwa kila mdudu, basi wakiwa wachache mno kinakosekana na mashine inasema haijulikani. Haikusema dawa zimegoma.

"Chembe" kwenye makohozi ya mtu mzima aliyewahi kutibiwa TB zamani tunaitilia shaka, inaweza kuwa mizoga. Kwenye tezi ya mtu ambaye hajawahi kutibiwa, tena ana granuloma yenye jibini na jasho la usiku, hiyo ni TB. Aanze.

Ami_wa_Fuoni

Kaanza jana. Miezi sita, dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa minne. Kaambiwa mkojo utakuwa rangi ya chungwa, asishtuke.

Hesabu_za_Marikiti

Na tezi ikivimba zaidi mwezi wa pili msikimbilie kusema dawa zimeshindwa. Hutokea mwili ukiamka. Arudi kliniki aonekane, lakini asiache dawa kwa uamuzi wake.

Ami_wa_Fuoni

Ahsanteni sana. Kikombe kimerudi. Sahani bado, mkwe anasema anangoja miezi sita iishe.

Binti_Wawi

Mwambieni mkwe aje Pemba nimpikie tule sahani moja.

Wa Wete: ADA imerudi 61, limfosaiti zimejaa. Dokta kakubali, kijana kaanza dawa. Na maji yake niliyavusha kwenye barafu kabla bahari haijachafuka, yako kwenye mrija wa kuotesha, leo siku ya 23. Bado haujawaka, yaani hakijaota kitu.